Nimeharibu viatu vya mieleka vya binti yangu kwenye mashine ya kufulia. Vinaokoleka?

#1 Baba Furaha

Wakuu salamu. Sijui kama humu kuna mtu wa mieleka, ila jukwaa hili limenisaidia rejeta ya gari na limenisaidia posa ya mdogo wangu, kwa hiyo najaribu bahati ya tatu.

Tuko Iowa, Marekani. Wanaokaa huku wanajua, mieleka hapa ni kama mpira kule kwetu. Mzee wa kizungu jirani yangu hawezi kumaliza kikombe cha kahawa bila kumtaja Dan Gable, yule wa hapa Iowa aliyechukua dhahabu ya Olimpiki Munich 1972 bila mpinzani yeyote kupata hata pointi moja kwake. Wasichana nao shule za sekondari wana mashindano yao rasmi hapa tangu msimu wa 2022 kwenda 2023. Binti yangu kaingia Novemba hii. Mimi nilidhani ni ile ya kurushiana viti, nikakataa. Mama yake akasema niende nikaangalie kwanza. Nikaenda, nikanyamaza.

Sasa viatu. Tulimnunulia vilivyokwisha kuvaliwa, dola 25. Swedi ya bluu, shingo ndefu inayofunika kifundo cha mguu, soli nyembamba unaweza kuikunja kama chapati. Wiki sita hivi, harufu yake ukifungua buti la gari unadhani umebeba dagaa walionyeshewa mvua. Jumapili nimetoka shifti ya usiku kiwandani, mtoto bado amelala, nikasema leo nimfanyie jambo la kibaba. Nikavitumbukiza kwenye mashine, maji ya moto, kikombe kizima cha jiki. Vikatoka hapo vikaingia mashine ya kukausha, moto wa juu, dakika 50.

Kilichotoka: bluu imekuwa madoa ya chungwa na kijivu, swedi imekakamaa kama ngozi ya ngoma, na soli ya kulia imefunguka mbele mpaka kwenye upinde wa mguu. Ukiikanyaga inapiga makofi. Ile soli ya ndani imejikunja kama mkate uliokauka.

Hakulia. Aliviangalia, akasema, "Baba, Jumamosi nina mashindano."

Na harufu bado ipo! Kidogo, lakini ipo. Vipya nilivyoviona vinaanzia dola 70 na mwezi huu kodi imenibana. Naomba msaada: gundi gani, na hiyo harufu inatolewaje?

#2 chizi_maarifa_wa_Tabata

Hahaha, dakika 50 moto wa juu. Mzee ulikuwa unachoma mishikaki?

Halafu viatu vya nini? Wasenegali si wanapigana peku mchangani na uwanja unajaa? Mwambie avue tu.

#3 Bi Mdogo

Nimeweka kambi hapa. Wangu anacheza karate, wale hawana viatu, ila mkoba wake ukifunguliwa paka anatoka nje.

#4 Kocha Mstaafu (Nairobi)

Baba Furaha, pole sana. Mimi nimepigana mieleka miaka kumi na moja na kufundisha sita, viatu vya aina hii nimeua jozi nyingi kwa ujinga kuliko ulivyoua wewe, kwa hivyo usijione.

Kwanza nimjibu huyo wa Tabata. Mchangani kidole cha mguu kinazama, kinajishikia. Mkeka wa kisasa ni sponji iliyofunikwa plastiki laini ya vinaili, ukiwa peku na jasho unateleza kama uko juu ya ganda la embe, na kifundo hakina cha kukishika. Sheria za shirikisho la dunia zenyewe zinataka kiatu kinachokaza kifundo, kisicho na kisigino, misumari, bizimu wala chuma chochote. Hata kamba zinafichwa ili zisifunguke mtu akiwa kwenye kabari. Angalia viatu vya mtoto hapo juu ya ulimi, vingi vina kimfuko kidogo cha kusokomezea fundo. Kama hakipo, kamba zinazungushiwa tepu.

Sasa ujue ulichoharibu ni nini. Kiatu hiki hakina uzi unaozunguka soli. Kimebebwa na gundi tu, na gundi hiyo inalainika kwa joto. Kwa hivyo maji yalikuwa kosa dogo. Kosa kubwa lilikuwa ile mashine ya pili.

Swedi haitarudi bluu, hilo usahau. Ulaini unaweza kurudi kiasi. Chukua mswaki mkavu, usugue taratibu uelekeo mmoja, kisha kinyume chake, mpaka vinyweleo visimame tena. Doa dogo la swedi linatolewa na raba ya penseli, ile ile ya shuleni. Ukilipaka maji linatanuka.

Soli sijui sana mambo ya gundi, subiri mafundi waje. Nitarudi kwa habari ya kuteleza, kwa sababu nakuhakikishia hilo linakuja.

#5 fundi_Mchikichini

Nimefika. Baba Furaha jambo la kwanza, usiguse supa gluu. Najua ipo ndani ya droo na mkono unakuwasha. Ile ikikauka inakuwa kioo. Kiatu cha kukaa kabatini sawa, lakini soli inayokunjwa mara mia kwa saa itapasuka siku ya kwanza, na mabaki yake yakishaganda pale hata gundi nzuri haitashika tena.

Pili, usimpe fundi akushonee soli. Huku kwetu mteja akija na soli imefunguka, mkono unaenda kwenye sindano wenyewe. Kwa raba ya kawaida ni sawa. Kwa hiki, uzi utapita chini ya soli, binti atakuwa anakanyaga uzi badala ya mpira, atateleza. Na msumari ndio kabisa, watamtoa.

Unataka gundi ya mafundi, hii ya njano inayonuka kama petroli, huko inauzwa duka la vifaa vya ujenzi kwa jina la kontakti simenti. Sio ile inayotengenezwa kwa maji. Kazi ni hii: fungua soli mpaka ilipogoma yenyewe, usiivute zaidi ya hapo. Kwangua gundi ya zamani pande zote mbili mpaka uone mpira mtupu, kisha piga msasa laini uwe na mikwaruzo. Futa vumbi kwa kitambaa chenye spiriti, acha ikauke. Paka gundi nyembamba, NYEMBAMBA, pande zote mbili. Hapa ndipo watu wanapokosea, wanabandika hapo hapo. Subiri dakika kumi mpaka kumi na tano. Gusa kwa kidole: ikinatanata lakini haibaki kidoleni, imeiva. Bandika kuanzia kwenye kidole gumba kurudi nyuma, kwa sababu ikishagusana huwezi kusogeza. Ponda taratibu kwa nyundo ya mpira au mwiko. Ndani jaza matambara yakaze, nje zungushia mpira wa tairi la ndani la baiskeli ulioukata utepe, ukaze kama unafunga kuni. Kesho yake saa hiyo hiyo ndio ufungue.

Fanyia sebuleni madirisha yamefunguliwa. Najua huko kuna baridi, vaa koti.

#6 chizi_maarifa_wa_Tabata

Fundi umetoa darasa bure, mtaani ungekuwa umeshakula elfu tano.

Swali langu lakini bado: si aviache tu hapo uwanjani baada ya mashindano akanunue vingine mwezi ujao?

#7 Kocha Mstaafu (Nairobi)

Asithubutu kuviacha! Kwenye mieleka, mtu akivua viatu akaviacha katikati ya mkeka maana yake amestaafu. Rulon Gardner, yule Mmarekani aliyemshinda Karelin wa Urusi fainali ya Olimpiki Sydney 2000, aliviacha vyake Athens 2004 baada ya kupata shaba. Mijaín López wa Kuba aliviacha Paris 2024 akiwa na dhahabu ya tano mfululizo. Mtoto aliyeanza mieleka miezi miwili tu iliyopita akiviacha, uwanja mzima utasimama kumpigia makofi ya kumuaga.

Sasa kuteleza. Soli ya kiatu cha mieleka inanasa kwa sababu ni mpira laini na safi. Adui wake ni vumbi. Hatua kumi kwenye sakafu ya ukumbi, soli imeshavaa unga. Kwa hivyo kiatu hiki hakivaliwi nyumbani, hakivaliwi kwenye gari, na chooni ndio mwiko kabisa, kwa sababu hicho kiatu dakika mbili baadaye kinakanyaga mahali ambapo mwenzake analaza shavu. Kinavaliwa ukingoni mwa mkeka, kinavuliwa ukingoni mwa mkeka. Akitaka kwenda msalani atembee na ndara.

Kabla ya kupanda, taulo dogo lililoloweshwa na kukamuliwa, anasugua nyayo juu yake kama mtu anayeingia nyumba ya wageni. Utasikia zikianza kulia "kwii kwii". Hiyo sauti ndiyo tunayoitafuta. Mara moja kwa wiki unaweza kufuta soli kwa spiriti, isizidi, inakausha mpira. Na ikiwa mpira wa zamani umeng'aa kama kioo, msasa laini kabisa, mara mbili tatu tu, uondoe ile ngozi ya juu.

Gikomba, soko la mitumba hapa Nairobi, utakutana na hivi viatu kwenye rundo, wachuuzi wanaviita vya boxer. Sivyo. Cha ndondi mara nyingi shingo inapanda zaidi kuelekea muundi na soli yake si ya kukumbatia mkeka. Ukikuta cha mieleka cha mtumba, kikunje katikati kwa mikono miwili karibu na sikio. Kikilia kama biskuti, gundi imekufa, rudisha kwenye rundo. Nimewahi kununua jozi safi kama mpya, kumbe ilikaa boksini miaka na miaka, soli zote mbili zikabaki mkekani raundi ya kwanza, mimi nimebaki na sehemu ya juu tu kama soksi.

#8 Nesi_Minnesota

Habari zenu. Baba Furaha, kabla hatujafika kwenye harufu naomba jambo moja. Ulitia kikombe cha jiki. Tafadhali usije ukafuata ushauri wa mtu mwingine wa kutia siki juu yake. Jiki na siki vikikutana vinatoa gesi ya klorini. Nimepokea mama mmoja wodini aliyefanya hivyo akiosha bafu, alikuwa anakohoa mpaka machozi. Na jiki haifai kwa viatu hivi kwa vyovyote, inakula rangi na inachakaza mpira.

Harufu: jasho lenyewe likitoka tu halinuki. Kinachonuka ni kazi ya bakteria wanaolila jasho hilo mahali penye giza, joto na unyevu. Kiatu kilichofungwa ndani ya mkoba wa plastiki usiku kucha ni hoteli yao. Ndiyo maana ulifua na bado kinanuka, soli ya ndani ilibaki na unyevu, na kwenye mkunjo wa ulimi pia. Angalia hapo.

Sasa dawa. Ukimaliza kazi ya fundi, toa soli ya ndani na kamba. Vifue hivyo kwa mkono, maji vuguvugu, sabuni kidogo ya maji. Ndani ya kiatu pitisha kitambaa chenye sabuni kilichokamuliwa, kisha kitambaa cha maji matupu. Usiloweke kiatu. Jaza magazeti, badilisha baada ya saa moja, uweke mbele ya feni. Sio juu ya tundu la hita.

Soksi safi kila zoezi. Sio kila siku, kila zoezi.

Na la mwisho, ndilo lililonileta: umemkagua mtoto ngozi? Mikono, shingo, uso, na kichwani chini ya nywele alizosuka. Kwenye mieleka choa linaenda kwa kugusana ngozi kwa ngozi, na mikeka isiyosafishwa kila siku nayo inachangia. Mkague leo.

#9 mzee_wa_friji

Hamna haja ya yote hayo. Weka viatu kwenye mfuko, tupa friza usiku mmoja. Baridi inaua kila kitu. Nafanya hivyo miaka minane.

#10 Nesi_Minnesota

Mzee wangu, shikamoo. Baridi ya friza inawalaza tu bakteria wengi, haiwamalizi. Ukikitoa kikapata joto la mguu wanaamka na njaa. Harufu inapungua asubuhi kwa sababu kila kitu kilichoganda hakinuki.

#11 mzee_wa_friji

Marahaba. Mke wangu naye alikuwa anasema hivyo hivyo kuhusu friza, ila kwa sababu ya samaki.

#12 Pwani_Raha (Mombasa)

Jamani na jua je? Sisi huku kila kitu ni jua. Godoro jua, mto jua, viatu jua. Mbona wote mwasema feni?

#13 fundi_Mchikichini

Jua la asubuhi kiatu kikiwa kimefunguliwa ulimi, nusu saa, halina ubaya. Ninaowaona mimi ni wale wanaoanika juu ya bati tangu saa nne hadi alasiri. Mpira unapauka, unapata mipasuko midogo kama udongo wa mbuga, na gundi inachemka upya. Kwa ninyi wa Pwani tatizo lenu kubwa ni koga. Kiatu kikikaa kabatini bila kuvaliwa kinaota nywele za kijani. Kiweke mahali pa upepo, ndani gazeti, na usikifunge kwenye nailoni.

#14 Bi Mdogo

Magadi ya kuokea mandazi je? Dada yangu humwagia ndani ya raba za watoto.

#15 Kocha Mstaafu (Nairobi)

Yanapunguza harufu kweli. Ila kwa viatu hivi uyatie kwenye soksi kuukuu, ufunge fundo, uisokomeze ndani ya kiatu usiku. Usimwage hivi hivi. Nilikuwa na kijana alimwaga poda ndani ya viatu, kila akiruka inapuliza kutoka kwenye matundu ya wavu kama moshi wa lori. Baada ya dakika mkeka mzima ulikuwa na unga, watu wanaanguka bila kuguswa. Mwamuzi akasimamisha, tukapiga deki.

#16 Baba Furaha

Wakuu nimerudi, Jumatano usiku. Niwape ripoti.

Gundi nilipata, dola 8 kopo dogo. Nilikwangua kwa kisu cha mezani saa nzima. Fundi, ulivyosema NYEMBAMBA kwa herufi kubwa nilicheka, halafu nikapaka nene. Ikatoka pembeni ikafanya kama kamasi. Nilipoisugua kwa kidole gumba ilipoanza kukauka ikajiviringa ikatoka yenyewe. Mpira wa baiskeli nilikata wa baiskeli ya mdogo wake, ana kesi nami. Nimefungua leo, nimekunja, haijalia wala haijachungulia.

Chini ya ulimi nilikuta tepu nyeusi iliyolowa, sijui ya mwenyewe wa kwanza au ya msimu upi. Hiyo ndiyo ilikuwa inanuka. Ilitoka na uvundo wake wote.

Swedi nimepiga mswaki. Sasa hivi viatu vina rangi ya paka wa jalalani lakini vimelainika. Furaha anaviita "vile vya Baba".

Sasa Nesi. Nilimkagua. Mkono wa kushoto, ndani karibu na kiwiko, ana duara kama sarafu ya shilingi 200, pembeni pamenyanyuka na magamba, katikati pako safi. Aliniambia ni mdudu kamuuma. Mdudu gani Januari, nje ni nyuzi 18 chini ya sifuri?

#17 Nesi_Minnesota

Kaka, hiyo sura uliyoeleza ni ya choa, lakini mimi si macho ya daktari. Kesho asubuhi apelekwe. Shule ina fomu maalumu ya ngozi kwa wanamieleka, daktari anaijaza na kusaini, mwambie akupe. Kanuni za mieleka ya sekondari Marekani zinataka choa la mwilini litibiwe angalau saa 72 kabla ya kurudi mkekani, la kichwani siku 14 za dawa ya kumeza.

Najua unahesabu. Alhamisi hadi Jumamosi hazifiki.

Tafadhali usimfiche kwa sleivu ndefu wala kwa plasta. Wazazi wanafanya hivyo, na wiki ijayo timu nzima inajikuna. Kocha wake aambiwe kesho hiyo hiyo ili mikeka isuguliwe. Dawa ya mikeka lazima ibaki mbichi juu ya mkeka kwa dakika zilizoandikwa kwenye chupa, mara nyingi kumi. Ukipuliza na kufuta papo hapo umeupa mkeka manukato tu.

Na kwa haki, la mkononi hivyo huenda kalipata kwenye mkono wa mwenzake. Usimalizie hasira kwenye viatu.

#18 chizi_maarifa_wa_Tabata

Duh. Baba Furaha pole. Mimi nilikuja kucheka, sasa nimemwita mwanangu nimkague kichwa. Mapunye mawili. Nesi nakuja PM.

#19 Baba Furaha

Daktari kasema ndilo. Kampa krimu ya kupaka mara mbili kwa siku. Nimemwambia kocha, hakukasirika, alishukuru, akakagua wote, wakapatikana wengine wawili.

Jumamosi tulikwenda vilevile. Alikaa kwenye kiti cha timu amevaa sweta, kazi yake kushika taulo la kufutia soli za wenzake. Kocha Mstaafu, hiyo habari ya taulo alikuwa anaitekeleza kama sheria ya jeshi. Wenzake wanapanga foleni, anawaambia "sugua, bado, sugua tena." Asiyelia kwii kwii hapiti.

#20 Kocha Mstaafu (Nairobi)

Huyo anafaa kuwa mwamuzi.

#21 Baba Furaha

Ripoti ya mwisho, ni wiki iliyofuata.

Fomu ilisainiwa, duara limefifia, akaruhusiwa. Mashindano yalikuwa mji mwingine, tunaondoka saa kumi na moja alfajiri. Mimi kwa akili zangu nikapakia mkoba kwenye buti la gari tangu usiku ili asubuhi tusichelewe. Usiku ule ulikuwa baridi ya kupasua mawe. Tulipofika, viatu vigumu kama mbao. Akavaa, akasugua kwenye taulo, hakuna kwii kwii. Pambano la kwanza akaenda kumwingia mwenzake miguuni, mguu wa nyuma ukakimbia peke yake, akaangukia kifua. Kabanwa mgongo mkekani, kapoteza, sekunde arobaini tangu kuanza.

Yule mzee jirani alikuwa amekuja. Akaniuliza mkoba ulilala wapi. Nikamwambia. Akafunga macho kidogo kama mtu anayemwomba Mungu subira. Akachukua viatu, akavitia ndani ya koti lake, kwapani, kimoja huku kimoja kule, akakaa navyo hivyo dakika ishirini huku anakula popkoni. Mpira ukarudi kulainika.

Pambano la pili alishinda kwa pointi. La tatu alipoteza, lakini kwa haki, msichana yule alikuwa na shingo kama mlingoti. Soli haikuteleza hata mara moja.

Siku hizi mkoba unalala ndani. Viatu vinaning'inia kwa kamba kwenye mpini wa mlango wa stoo, ulimi nje, gazeti ndani, feni inazunguka. Mama yake anasema sebule imekuwa kama kibanda cha fundi. Soksi anafua mwenyewe. Harufu nimeikagua kwa pua yangu jana, ni ya mpira na gundi tu.

Fundi, swali moja: soli ya kulia imeshika vizuri sana. Ila ya kushoto, ambayo sikuigusa, imeanza kuchungulia kwenye kidole gumba, upana wa shilingi. Niingize gundi kwa kijiti juu ya ile ya zamani, au?

#22 fundi_Mchikichini

Kwangua kwanza. Na safari hii nyembamba.